Mchoro wa Wageni

Maziwa siyanywi. Nikialikwa mahali nikaletewa chai ya maziwa, naomba ya rangi, na mwenyeji akisisitiza nasema daktari amenikataza. Hakuna daktari aliyenikataza. Ni kinyaa tu, na kinyaa hicho nilikipata Nyakato, kwenye kiwanda cha maziwa nilichofanyia kazi miaka ile ambayo kila kilichokuwa cha serikali kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi.

Hicho kilikuwa kimeshampata. Mwenye mali mpya alipaka geti rangi ya bluu, akapunguza wafanyakazi nusu nzima, akanunua kompyuta mbili. Sakafu hakuigusa. Sakafu ile ilikuwa na nyufa, na katika kila ufa maziwa ya miaka yote yalikuwa yameingia, yakaganda, yakachacha, yakawa utando wa njano ambao ukiukanyaga unabaki kwenye soli mpaka nyumbani. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Pasiansi. Alinilazimisha nivue viatu nje ya mlango, na sikumlaumu.

Niliajiriwa kwa ajili ya kompyuta. Nilikuwa binti mwembamba mwenye kiburi, nimetoka chuoni na kitabu kinene cha kuandika programu za madirisha, zile zilizokuwa mpya wakati huo, zinazojengwa kwa vitu: kila kitu ndani ya programu kina taarifa zake, kinajua kazi yake, na vitu hivyo vinaagizana kazi vyenyewe kwa vyenyewe. Kazi niliyopewa ilikuwa kuchora joto la tangi la kupozea. Maziwa yalifika asubuhi kutoka Misungwi, yakamwagwa tangini, na humo yalitakiwa yakae nyuzi nne, mchana na usiku, mpaka yachemshwe na kufungwa kwenye pakiti. Bosi alitaka kuliona joto hilo kwa mstari kwenye skrini, akiwa ofisini juu, bila kushuka kwenye ile harufu.

Joto lenyewe lilisomwa na mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huko huko Misungwi, aliyekuwepo tangu kiwanda kinafunguliwa. Kila saa, pale zamu yake ilipomkuta, alipanda ngazi ya chuma kwa gambuti zake, akachungulia kipimajoto, akashuka, akaandika kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu. Wenzake wote wa idara ile walikuwa wamepunguzwa, na zamu nyingine alishika mlinzi aliyefundishwa na yeye. Siku ya kwanza nilipomwamkia aliitikia marahaba huku anaitazama kompyuta, si mimi.

"Mwanangu, hicho kitu ndicho kitakachoniondoa?"

"Hapana mama. Hakina macho hicho. Kinategemea daftari lako. Bila wewe hakina cha kuchora."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Sikumwambia vile ili kumtuliza. Nilikuwa naamini, na kuanzia siku hiyo alianza kuniletea mahindi ya kuchoma.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa takataka. Ilikuwa na madirisha matatu, moja la jedwali la namba, moja la mstari, moja la nguzo, na kila dirisha nililiwekea nakala yake ya namba. Nikisahihisha namba kwenye jedwali, mstari hauna habari. Aliyeliona kosa hilo hakuwa mimi mwenye kitabu kinene. Yule mama alisimama nyuma ya kiti changu siku moja, akasoma kwa kidole bila kugusa kioo, akasema, "Mwanangu, hapa umeweka sita, pale tano. Mimi niliandika mara moja tu."

Nikamwambia kila dirisha lina daftari lake.

"Ya nini? Daftari ni moja. Anayetaka kujua anakuja kusoma."

Ndivyo walivyofanya kazi pale kiwandani miaka yote. Mpishi wa maziwa, mfungaji pakiti, hata meneja wa enzi za serikali, wote walikuwa wakienda wenyewe kwenye meza yake kuisoma kaunta buku. Kunakili kulikatazwa, maana anayenakili hukosea. Nilivunja programu yote nikaijenga upya: kitu kimoja tu ndani yake kikashika namba zote, na madirisha yote yakawa yanasoma kwake. Ukibadilisha namba moja, kitu hicho kinayatangazia madirisha yote, nayo yanachora upya papo hapo. Nilikuwa nakaa nabadilisha namba na kuzirudisha, kwa raha ya kuona michoro yote inasogea pamoja.

Kuna jambo moja zaidi la kueleza kwa mtu asiyejua kazi ile. Skrini za wakati huo hazikukumbuka ulichochora. Ukichora mstari, unakaa usoni tu. Dirisha jingine likija likaukalia, sehemu iliyofunikwa inafutika. Likiondoka, kompyuta inaiita programu yako, inasema kuna kipande kitupu hapa, chora. Programu inarudi kwenye namba, inachora upya kipande kile kile kilichofutika, wala haigusi kingine.

Basi tukawa na mstari. Na mstari ukawa na milima, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika, na bosi alikuwa hanunui dizeli ya jenereta. Umeme ukikatika saa sita mchana, ikifika jioni tangi limefika nyuzi kumi na tisa. Yale maziwa hayakumwagwa. Yalichemshwa hivyo hivyo, yakachanganywa na unga wa maziwa kuficha ladha, yakaenda madukani. Nilishuka siku moja kuchukua namba nikakuta kifuniko cha tangi kiko wazi. Juu kulikuwa na povu la rangi ya kijivu, na inzi wamezama ndani yake, wengine bado wanapiga mbawa. Kijiko kirefu cha kukorogea kilikuwa kimeegemezwa kando, kinasubiri. Nilitapika nje, ukutani, na mtu aliyekuwa anapita akaniuliza kama nina mimba.

Bosi alipanda ofisini mwangu siku moja saa saba mchana, anakula sambusa. Alikuwa na tabia ya kugusa skrini kwa kidole chenye mafuta, kisha mimi nifute. Akagusa mlima mkubwa kuliko yote.

"Binti, hii nini?"

"Jumanne, mzee. Umeme ulikatika na dizeli haikuwepo."

"Kesho nina wageni wanaotaka kuingia ubia. Wageni hawapendi milima." Akalamba kidole, akakirudisha palepale kwenye kioo. "Ninyooshee."

Ningeweza kukataa. Nasema hivyo sasa kwa sababu ni kweli, wala sikutishwa. Nilichofanya ni kutafuta namna ya kukubali nikajiona mtu safi. Nikajiambia namba sitazigusa. Kaunta buku ya mama haitaguswa, kitu kinachoshika namba hakitaguswa, jedwali litabaki lilivyo. Nikaongeza amri moja kwenye orodha, nikaiita mchoro wa wageni. Ukiichagua, programu inafuta milima usoni tu na kupitisha mstari mnyoofu wa nyuzi nne, mara moja, basi. Uongo ukakaa juu, ukweli ukabaki chini. Nilikwenda nyumbani nimeridhika, na dada aliponiuliza habari za kazi nikasema nzuri.

Wageni walikuwa wawili, wenye suti, na leso mikononi za kuzibia pua. Walikuja saa nne asubuhi. Bosi aliwakalisha mbele ya kompyuta, nikachagua amri yangu, mstari ukanyooka. Mgeni mmoja, mwenye miwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wangeondoka wakati huo mambo yangeishia hapo. Lakini bosi alikuwa anaipenda saa ya kompyuta, ile ya duara yenye mishale inayotembea, na hakuna mgeni aliyewahi kutoka ofisini bila kuonyeshwa. Akashika kipanya mwenyewe. Saa ikafunguka juu ya mchoro, katikati. Wakaisifu. Akaifunga.

Mahali saa ilipokuwa imekaa pakatokea kipande cha mraba, na ndani ya kipande hicho mlima wa Jumanne umesimama mzima, na mstari mnyoofu umekatika kushoto na kulia kwake.

Mgeni mwenye miwani alisogeza kiti karibu. Alichukua kipanya, akaifungua saa tena, akaiburuta pembeni kidogo, akaiondoa. Kilima kingine kikachomoza. Nilijua papo hapo nimefanya nini, na pamoja na hofu nilihisi aibu ya fundi, aibu ya kipuuzi kabisa, kwamba nimechora kama mtu asiyesoma kitabu.

"Hii ni nini, bwana?"

"Hiyo ya chini inatoka kwenye daftari la msomaji wetu," bosi akasema, wala hakusita. "Mama wa zamani, anaandika ovyo. Sisi tunasahihisha. Aitwe."

Akaja na koti lake jeupe na gambuti, kaunta buku kwapani. Aliwaamkia wageni kwa heshima, ingawa wote wawili walikuwa wadogo kwake. Yule mwenye miwani alimwonyesha, akaipitisha saa tena mbele ya macho yake, na mama akaona jinsi milima inavyotoka chini ya mstari.

"Wewe ndiye uliyeandika kumi na tisa?"

"Ndiyo. Umeme ulikatika saa sita. Hii hapa." Akafungua ukurasa, akauweka juu ya meza yangu.

"Jenereta je?" bosi akauliza.

"Halikuwa na dizeli, bosi. Si ulisema tusubiri?"

"Mnaona," bosi akawaambia wageni, "hata habari za jenereta hajui."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, si namba hizi tuliziingiza pamoja? Waambie."

Mgeni naye akanigeukia. "Binti, programu ni yako. Mstari upi ni wa kweli?"

Nikasema, "Programu inachora kile ilichopewa, mzee. Ikipewa namba yenye kosa, inachora kosa."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa sahihi. Lingeweza kuandikwa kwenye kitabu changu kinene. Mgeni akaondoa miwani, akaifuta, akasema basi, ni mambo ya kurekebisha watu tu. Wakashuka kwenda kula samaki, na mama akaambiwa asubiri barua. Kaunta buku ilibaki mezani kwangu mpaka bosi aliporudi kuichukua.

"Sasa ninyooshee huko ndani kabisa," akasema. "Sitaki iote tena."

Nikafungua jedwali. Kumi na tisa, nikaandika nne. Kumi na saba, nne. Kumi na tano, nne. Kila nilipobonyeza, mstari na nguzo zilishuka kwa pamoja, laini, bila kupepesa, kama nilivyozijenga. Na nilifurahi. Kwa sekunde moja nilifurahi jinsi inavyofanya kazi vizuri. Inzi wa kwenye tangi nimewasimulia watu wengi. Hili la kufurahi sijawahi kumwambia mtu.

Mama alipanda saa kumi, barua ya kuachishwa kazi mkononi. Hakuwa na koti tena, alikuwa na kitenge na viatu vyake vya kanisani, na nilielewa kwamba alivaa vile kwa ajili ya kwenda kwa watu wa chama cha wafanyakazi kabla hawajafunga.

"Nipe daftari langu, mwanangu. Nikawaonyeshe."

"Bosi amelichukua, mama."

Akafikiri kidogo. Hakukasirika. Alikuwa bado ananiamini, niliona waziwazi usoni mwake, na afadhali angenizaba kibao.

"Haidhuru. Si uliniambia hiyo inasoma daftari langu? Nichapie Jumanne kwenye karatasi."

Nikafungua Jumanne. Mstari ukatoka mnyoofu toka ukingo hadi ukingo. Akainama karibu na kioo.

"Huo ni ule wa juu," akasema. "Wa wageni. Pitisha ile saa."

"Mama..."

"Pitisha, mwanangu. Nimeona asubuhi inavyofanywa."

Nikaifungua saa. Nikaiburuta juu ya mchoro kutoka kushoto mpaka kulia, polepole, na nyuma yake kompyuta ikawa inachora upya kipande kwa kipande, nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne. Mama alifuata kwa macho mpaka mwisho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.