Neno Twarika Lilipofika Mezani

Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya kamusi, Mji Mkongwe, Mhariri Mkuu alinikabidhi herufi T. Alinieleza kuwa kila kidahizo, yaani neno linalofasiliwa, lina maana wanayoitumia watu na lina asili yake. Nitafute yote mawili bila ya kumpendelea mtu. Nilikuwa natoka kusomesha skuli ya Kizimbani, nikaiona kazi nyepesi.

Ilikuwa nyepesi mpaka tukafika twarika.

Baba yangu alikuwa khalifa wa twarika, msaidizi wa sheikh, akiongoza dhikri za kumtaja Mungu nyumbani kwetu Kikwajuni. Mhariri wa Dini, kwa upande wake, aliziona dhikri zile ni uzushi. Akafasili: "Kundi la wazushi." Nilipopinga, alinikatiza mbele ya kikao.

"Bi Zuhura, hili neno la kwenu. Liwache."

Watu wakainamisha macho. Mhariri Mkuu akaniuliza asili tu. Nikasema Waarabu huita njia tariq. Tariqa ikawa mwenendo, kisha mwenendo wa kumuelekea Mungu chini ya malezi ya sheikh, mwisho jina la jumuiya ya wafuasi wenyewe. Akatuagiza kila mmoja alete fasili yake kikao kijacho.

Nyumbani, baba alitaka niandike "njia ya haki". Nikamwambia siwezi. Hakupandisha sauti.

"Basi na wewe u pamoja nao."

Tangu hapo nikimwekea chai, alikuwa akinywa bila ya kunisemesha.

Kikaoni nilisoma: "Njia ya malezi ya kiroho katika Uislamu chini ya sheikh, pia jumuiya ya wanaoifuata." Mhariri wa Dini alibisha mpaka jasho likamtoka, alisema dhamiri yake haimruhusu. Mhariri Mkuu akamuuliza kama mfuasi wa twarika akiisoma ile fasili ya wazushi atajitambua. Akaikunja karatasi yake. Yangu ikapita.

Kamusi ilipotoka nilimpelekea baba. Alivaa miwani, akasoma.

"Hujatusifu."

"Naam, baba. Sikuwasifu."

Akasoma tena, taratibu. "Lakini ndio sisi hawa." Akaomba chai.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kamusi huniuliza kama mimi na Mhariri wa Dini tuliwahi kupatana. Baba alipofariki, siku ya khitma, kisomo cha kumrehemu, Mhariri wa Dini alikuja. Dhikri ilipoanza alitoka, akakaa barazani peke yake. Ilipokwisha, alikuja mlango wa uani, tulikokaa wanawake, akaniita, akanipa pole.