Vitango vya Ukutani

Mimi ni fundi mwashi. Nimepiga lipu nyumba za watu Kiomboi na vijiji vyake kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo jiko la mke wangu lilibaki na kuta za tofali za udongo, nyeusi kwa masizi mpaka juu. Alinikumbusha kila kiangazi. Nami kila kiangazi nilimwambia nitalifanya, nikachukua mwiko wangu na kwenda kwa wateja. Mganga hajigangi.

Nililifanya mwaka aliofariki. Ndugu walikuwa wanakuja kwa arobaini yake, na niliona aibu wanawake waingie kupika mle ndani wakatazama zile kuta na kusema huyu ndiye fundi. Nikanunua saruji, nikachekecha mchanga, nikapiga lipu kuta zote nne na kumalizia kwa chokaa. Nilifanya kazi siku mbili peke yangu, nikiongea na marehemu kwa sauti kabisa: haya, umeridhika sasa? Sijawahi kupiga lipu nzuri kama ile. Juu ya mafiga palikuwa na madoa ya kijivu yaliyoganda, magumu, yenye vijichanga ndani yake. Yaliyokubali kukwanguka niliyakwangua. Yaliyogoma niliyafunika.

Wageni walisifu jiko, wakala, wakaondoka. Nikabaki na nyumba.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alikuja mama mmoja jirani, mwenye umri wa binti yangu. Alinisalimu shikamoo, akauliza habari za upweke kama watu wanavyouliza, kisha akatoa kikopo chini ya kanga.

"Baba, nimekuja kwa ajili ya mbegu za vitango. Marehemu mama alikuwa ananibandulia kila mwaka."

"Ziko wapi? Mimi sijaziona."

"Si pale ukutani, baba. Juu ya mafiga."

Alitangulia jikoni, mimi nikamfuata. Alipofika mlangoni alisimama. Alitazama ukuta mweupe, akanitazama mimi, akaficha kikopo chake chini ya kanga tena.

"Pamependeza sana, baba," alisema kwa sauti ndogo. Akaaga.

Niseme hivyo vitango ni vitu gani, maana mjini Singida sasa watu wanajua tu yale matango marefu ya kijani, laini, ya kuweka kwenye kachumbari. Vyetu havizidi urefu wa kidole gumba. Vina miiba midogo inayofutika ukivisugua kwa kiganja, na vinatambaa chini ya mtama bila kumsumbua mtu. Mke wangu alikuwa anavichuma asubuhi umande ukiwapo, anavizika kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, pembeni ya mtungi wa maji, na vilikaa humo zaidi ya wiki bila kunywea. Tulikula na chumvi. Kimoja au viwili kila msimu aliviacha shambani mpaka vikawa vya njano na kupasuka vyenyewe. Hivyo ndivyo alivyovikamua, akachanganya mbegu na ute wake pamoja na jivu, akabandika ukutani pale moshi unapopita ili wadudu wasiziguse. Nilimwona akifanya hivyo kila mwaka. Kuona niliona, lakini sikuangalia.

Jirani alipoondoka nilichukua tindo na nyundo, nikabomoa lipu yangu mwenyewe juu ya mafiga. Kazi nzuri ina ubaya wake, haibanduki. Nilipata mbegu ishirini na kitu, zimeng'ang'ania saruji. Niliziloweka, nikazisafisha kwa sindano, nikazipanda kwenye makopo na kuyamwagilia asubuhi na jioni. Hakuna hata moja iliyoota. Saruji ilikuwa imeziunguza.

Nilizunguka kwa majirani. Kumbe wote walikuwa wanamtegemea yeye, hakuna aliyejisumbua kutunza za kwake. Nililia siku ile, na sioni haya kuliandika. Nguo zake ndugu walikwisha kuzigawa. Mbegu zile zilikuwa kitu pekee cha mkono wake ambacho kingeweza bado kuota, na mimi ndiye niliyekipiga lipu. Niliapa nitazitafuta mpaka nizipate.

Ilinibidi kungoja mpaka Machi, vitango vinapoanza kuuzwa. Siku ya gulio nilikagua sokoni fungu kwa fungu. Karibu na mwisho wa safu nilimkuta mama mtu mzima ameketi juu ya gunia, mbele yake vitango vidogo vyenye miiba, vimepangwa vitano vitano. Moyo ulinienda mbio kama wa kijana anayekwenda kuposa. Nilinunua mafungu matatu, kisha nikamwomba kimoja cha njano, cha mbegu.

"Mbegu haombi mwanamume," alisema, akicheka. "Mwambie mama aje."

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Hapana."

Aliacha kucheka. "Pole, mzee. Basi tuma binti."

"Yuko Mwanza, ameolewa."

"Dada yako je? Mkwe? Mwanamke yeyote wa nyumbani kwako."

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, nikimpitia mmoja mmoja, waliohama, waliozikwa, na mmoja tuliyegombana naye kwa sababu ya shamba. "Sina wa kumtuma," nilisema. Nilikuwa sijawahi kulitamka jambo hilo tangu mazishi, na nililitamkia sokoni, mbele ya wauza nyanya.

Alivipanga upya vitango vyake ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Nilimwambia natafuta vile alivyopanda marehemu, kisha akaniambia nirudi gulio lijalo. Niliporudi alifungua pindo la kanga na kunipa kimoja, cha njano, kimepasuka, kinanuka uchachu. Nikatoa pesa. Aliurudisha mkono wangu.

"Mbegu ya kununua haioti. Unao ukuta wa udongo?"

"Sina," nilisema, na sikumweleza kwa nini. Akanifundisha kubandika kwenye kigae cha chungu na kukining'iniza juu ya moto.

Kigae hicho nilikilinda miezi yote ya kiangazi kama mtu anayelinda mgonjwa. Nilikuwa nawasha moto jikoni hata siku ambazo sikuwa na hamu ya kula, ili tu moshi upite. Desemba nilipanda, na safari hii ziliota. Jirani nilimpelekea miche sita bila kusubiri aje, akaipokea kwa mikono miwili.

Mwishoni mwa Februari vitango vilikuwa tayari. Niliingia kwenye mtama asubuhi, nikachuma cha kwanza, nikakisugua kiganjani mpaka miiba ikaisha, nikauma. Kilikuwa na maji mengi na uchungu kidogo upande wa kikonyo. Nikasimama pale nikingoja kitu ndani yangu kiseme ndicho. Hakikusema. Miaka yote ile nilikuwa navila huku nikilalamikia bei ya saruji na wateja wasumbufu, na sikuwahi hata mara moja kuvionja kwa makini.

Nilimpigia simu binti yangu, nikamuuliza vya mama yake vilikuwa na uchungu kwenye kikonyo au havikuwa nao.

"Mh, baba. Mimi nakumbuka tu vilikuwa vidogo."

Jirani alipoulizwa alisema ni vitamu sana, na ni mtu wa namna hiyo, angesema vile hata kama ni vibaya.

Gulio lililofuata nilimpelekea yule mama kikapu cha shukrani. Alivunja kitango kimoja mbele yangu, akakinusa, akanitazama kwa furaha.

"Haya, mzee. Ndivyo vyenyewe, vya mama?"

"Ndivyo," nilimwambia.

Sijui kama ndivyo. Aliyekuwa anajua nilimzika.