Gitaa Lisilo na Tumbo

Fundi seremala alilitoa gitaa lake jipya kwenye boksi, akaligeuza, akalitikisa. Halina tumbo. Halina nyuzi. Ni shingo tupu, nyeusi tii, imechorwa mistari pale ambapo vidole hukaa.

"Nusu wameisahau kiwandani," alisema.

"Soma karatasi, baba watoto," mkewe akamjibu. "Wewe unadhani kila kitu ni kabati?"

Fundi alicheka, ila roho ilikuwa juu juu. Tangu randa ya umeme imrarue kidole cha kati, kiungo kimekakamaa, na nyuzi za chuma hawezi tena kuzikandamiza. Miezi minane hajapiga. Kiongozi wa bendi yake, mtu asiye na haya, alishamwambia kwamba Jumamosi jioni anachukua mpigaji mwingine. Na leo ndiyo Jumamosi, saa nane mchana.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Wapi!

"Nimeuziwa kijiti!"

"Hujauziwa kijiti," alisema mkewe, macho kwenye karatasi. "Lenyewe halina sauti. Linaiambia kompyuta umegusa wapi na kwa nguvu gani, sauti inatoka huko. Chomeka waya."

Akachomeka. Mkewe akafungua programu, akachagua sauti ya kwanza aliyoiona. Fundi akabonyeza, ikalia tarumbeta! Walicheka hadi mke akashika mbavu. Wakaitafuta ya gitaa, wakaipata, lakini kila noti ilipinda na kulia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Jasho likamtoka.

"Unakandamiza kama umeshika patasi," mkewe akasema. "Hebu papasa, vile unavyopapasa mbao ukishaipiga msasa."

Si angesema mapema! Fundi akalegeza mkono. Kidole kibovu kikatua, kikateleza, noti ikatoka safi, nene, ndefu. Ya pili. Ya tatu. Akaingia kwenye wimbo wa bendi yao wa kufungulia ukumbi, akakosea mara mbili wala hakujali. Mke tayari yuko katikati ya sebule, anakatika.

"Nipe simu!"

Kiongozi wa bendi alipopokea, hata salamu hakupata. "Usimchukue mtu. Sikiliza." Fundi akailaza simu mezani, akapiga wimbo mzima.

"Nani huyo anayepiga?" sauti ikauliza.

"Nani mwingine, we mjinga?"

"Mazoezi saa kumi. Ukichelewa nakukata jina!"

Fundi akausukuma mlango kwa bega, gitaa kwapani, kompyuta kifuani, waya ukiburuta nyuma, na mkewe akimkimbilia na viatu mkononi.