Tunamshusha Kesho Mchana

Ndugu zangu, nichekeni tu. Wazazi walipotutoka niliacha shule, nikashika spana katika gereji moja ya Bunda ili wadogo zangu wapate kula. Juzi fundi mkuu alinionya kwamba nikiharibu tena, kazi sina.

Tulikuwa na gari la zamani aina ya Pijo, la mteja wa Butiama. Gereji nzima tuliliitaga Mzee. Injini ilipogoma, mwenyewe alikataa kuliacha, akanituma nimwite mkewe aje na chakula. Nikampa ujumbe kondakta wa basi la Butiama: "Mwambie Mama, Mzee amekufa ghafla. Tunamshusha kesho mchana, aje gereji na chakula." Kwetu mafundi, kushusha ni kuitoa injini garini.

Kesho yake tuliining'iniza injini juani kwa mnyororo. Turubai halipatikani tangu maduka yawe matupu, nikaifunika kwa shuka jeupe kuzuia vumbi. Upepo haukuwepo, lakini ilizunguka polepole, ikidondosha oili nyeusi. Ghafla gereji ikanyamaza. Nilipogeuka, wanawake waliobeba unga walikuwa wamejaa langoni, wakilitazama shuka. Mmoja akasogea, akaligusa, akanong'ona, "Mbona bado ana joto?"

Kilio kikapasuka. Nikavua kofia, nikalia nao, nisijue tunamlilia nani.

Mwenye gari, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma, akafungua mlango.

"Jamani, nani amekufa?"

"Wewe," mkewe akajibu bila kugeuka.

Kisha akageuka.