Hadithi za Ijumaa Kwenye Diski ya Mtumba

Fundi Taratibu hakupewa jina hilo kwa uvivu. Kwenye meza yake ya kutengenezea kompyuta, chini ya dirisha la duka alikoajiriwa, hana papara hata umwambie nyumba ya jirani inawaka. Wenye haraka zao huenda duka la pili, kisha humrudia na mabaki. Yeye huwavutia kiti tu.

Asubuhi hiyo aliyevutiwa kiti alikuwa Mwalimu wake wa darasa la tano, mstaafu sasa, mkoba kaukumbatia kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimejimaliza mwenyewe."

Akatoa diski ya mtumba. Humo alikuwa amehamishia hadithi zote alizowasimulia wanafunzi kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, kwa miaka thelathini. Tangu astaafu alikuwa akizichapa kwa vidole viwili ziwe kitabu, na nakala nyingine hana. Juzi faili zikaanza kugoma, moja baada ya nyingine.

"Zilipogoma ukafanyaje?"

"Nikazifungua tena. Na tena. Mpaka leo asubuhi."

Fundi akashusha pumzi. Kama kuna kitu kinachompandisha mori, ni hicho. Diski yenye sehemu mbovu, ukizidi kuilazimisha isome pale pabovu, unaichimbia kaburi. Lakini Mwalimu wako utamfokeaje? Akaiunganisha kwenye kompyuta yake, akaweka diski mpya ya kupokea nakala, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo. Ulipofika penye doa jekundu ukaruka, ukaendelea mbele.

"Mbona imepaacha?" Mwalimu akainuka. "Irudishe hapo."

"Kaa, Mwalimu. Tunachukua kwanza yanayosomeka. Magumu tutayarudia mwisho, kama itakuwa bado na nguvu. Si umenifundisha wewe? Siku ya mtihani wa hesabu niliganda kwenye swali la tatu, nalia. Ukaniinamia ukasema liruke, maliza unayoyaweza, kisha urudi."

Mwalimu akaketi tena. "Na mimi nimeng'ang'ania swali la tatu siku mbili nzima."

Wakacheka mpaka mwenye duka akachungulia.

Kufika adhuhuri programu ilikuwa imerudia madoa, safari hii ikitoka nyuma kuja mbele. Yakafutika moja moja, likabaki moja kaidi. Diski ilipoanza kugonga-gonga kwa ndani, Fundi akaizima bila kusita. Kujua pa kuachia ni nusu ya kazi yake.

"Zimetoka zote, Mwalimu. Ila ya simba na kinyozi imekatikia katikati."

Mwalimu akavua miwani, machozi yakimlengalenga. "Ile niliibuni pale pale mbele yenu. Hata kuiandika nilijikongoja. Mwisho wake siukumbuki tena. Basi, imekwenda."

Fundi akamsogezea karatasi na kalamu.

"Andika. Simba alipojitazama kwenye kioo, hana manyoya hata moja, akamuuliza kinyozi..."

Mwalimu akaandika, akimsihi asimkimbize, mkono wenyewe si wa jana. Alipoweka nukta ya mwisho akaisoma yote, midomo ikicheza.

"Kweli niliwaambia hivi?"

"Neno kwa neno," Fundi akasema, akikunja waya. "Juzi tu nimewasimulia wanangu."