Kiingilio cha Darasa la Sita

Enzi zetu, kabla simu hazijajua Kiingereza, mlango wa darasa la sita ulikuwa na kiingilio. Kila asubuhi Mwalimu Hoza, Msambaa mrefu aliyeletwa kijijini kwetu Handeni kutufundisha Kiingereza, alisimama mlangoni, fimbo kwapani. Humpiti mpaka umpe msemo mmoja wa Kiingereza na maana yake. Na msemo aliokwisha kuutaja mwenzako asubuhi hiyo haukupokelewa.

"Neno hilo limeshaliwa," alisema. "Rudi nyuma ukatafute jingine."

Mnakumbuka tulivyokimbia kuwahi foleni? Umande unatulowesha mpaka magotini, midomo inatembea: "look after, kutunza, look for, kutafuta, look down on, kudharau," kama watu wanaovuta uradi. Waliotangulia walimaliza yale mepesi. Mimi nilikuwa na haya, nikisukumwa nasogea, kwa hiyo kila siku niliishia mkiani, na mkiani hakibaki kitu.

Ndiyo maana nikawa mteja wa Mwanaidi, mwenzetu darasani. Kaka yake alisoma sekondari Korogwe, na daftari lake la Kiingereza alilirithi yeye. Kwa kipande cha muhogo wa kuchoma alikupa msemo mmoja, tena kwa kukunong'oneza sikioni, asije akausikia asiyelipa.

Siku moja mwalimu akatangaza kwamba Ijumaa lori litatupeleka Hale kuona umeme unakotengenezwa. Nyumbani tulisomea kibatari. Nilitaka kuuona huo umeme kuliko nilivyotaka nguo ya Idi. Lakini atakayekwama mlangoni asubuhi hiyo atabaki kupalilia mahindi ya shule. Nikampelekea Mwanaidi muhogo mzima.

"Once in a blue moon," akaninong'oneza. "Mara chache sana. Hilo hana mwingine, shoga, haki ya Mungu."

Ijumaa, mtu wa tatu kwenye foleni akasema, "Once in a blue moon." Wa tano naye akasema. Wa tisa naye. Mwalimu akavua miwani.

"Huu mwezi wa buluu leo umeandama kwa kila mtu?"

Nikamtafuta Mwanaidi kwa macho. Alikwishaingia zamani kwa msemo mwingine, amekaa dirishani anatafuna.

Zamu yangu ikafika. Nikatazama vidole vya miguu. Hapo ikanijia chupa ya dawa ya mbuzi ya baba. Kila nilipoisogelea, baba alinionyesha maandishi yake kwa kidole: "Hapo wameandika iwekwe mbali na watoto. Na mtoto ni wewe."

"Keep out of reach of children," nikasema kwa sauti ya mbu.

"Maana yake?"

"Weka mbali na watoto, mwalimu."

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye dawa ya mbuzi."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Pita, mama. Hilo halijawahi kuliwa hapa."

Hale nako tulikuta kuta zimejaa vibao vya Kiingereza. Darasa zima tukachuchumaa, tukatoa madaftari, tukaanza kunakili. Mlinzi akamvuta mwalimu kando: "Mwalimu, hawa watoto wametumwa na nani?" Mimi niliandika viwili tu. Kisha nikafunga daftari, nikasimama kusikiliza ule mngurumo wa mitambo chini ya nyayo zangu mpaka lori likapiga honi.

Siku hizi mdogo wangu akikutana na neno gumu anaiuliza simu, nayo inamjibu kabla hajafumba mdomo. Jana jioni nikamwuliza maana ya neno alilolitafuta asubuhi. "Dada, nalo la kukariri? Si limo humo kwenye simu?"

Wengi wetu tuliishia la saba, na Kiingereza chetu hakijatufikisha mbali. Lakini tulichokipata bado tunacho. Maneno sasa ni ya bure, tena mengi, ila sijamwona mtoto akikimbia kwenye umande kuyawahi.