Bendera Juu ya Mto wa Verlene

Katika makanisa ya Kibaptisti ya huku kwetu kaskazini mwa Alabama, ukutani nyuma ya birika la ubatizo huchorwa mto Yordani. Mingi ni mito ya kubuni tu. Ule wa kanisa la Shoal Fork haukuwa hivyo. Verlene Tackett, aliyeishi kwa kuchora mabango ya maduka, alichora kijito alichobatiziwa mama yake, kabla bwawa la umeme halijajengwa na ziwa kukimeza. Mawe yaleyale, mti uleule ulioinama. Hakuna aliyewahi kukipiga picha. Mimi nazunguka makanisa nikitengeneza piano, na nimeona wazee wakikaa mbele pale siku isiyo ya ibada, wanautazama mto ule tu.

Kisha akaja mchungaji mpya, Kyle, kijana wa kamera. Ibada zikaanza kurushwa mtandaoni. Akamwita Verlene.

"Bi Verlene, mto wako mzuri, ila kwenye kamera umepooza. Tutie bendera yetu juu ya maji, na tai, yule ndege wa taifa, na askari wamepiga magoti ukingoni."

"Yohana alibatiza chini ya bendera?"

"Nchi hii ni ya Kristo, Bi Verlene. Watu wanataka kuliona hilo."

"Kama ni yake anaijua. Hana haja ya kuchorewa."

Mchungaji akacheka, akasema basi kanisa litaamua. Kwetu hata rangi ya zulia hupigiwa kura. Verlene hakutishika, maana kaka yake Hoyt ni shemasi, na akisema watu husikiliza. Hoyt naye alicheza juu ya mawe yale utotoni. Jikoni kwa dada yake alisema, "Tulia, hilo niachie mimi. Mto hauguswi."

Jumatano, baada ya kula kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, kikao kikaanza. Hoyt akasimama, akaigeuzageuza kofia yake. Akasema anatoa hoja bendera ichorwe, na kwamba dada yake amekwisha kukubali.

Verlene akadhani amesikia vibaya. "Mimi sijakubali kitu, Hoyt."

"Ulikubali, Vee. Tulikuwa jikoni." Akawageukia watu kwa upole kabisa. "Mvumilieni. Siku hizi anasahau."

Wote wakamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomfunga mdomo. Angebisha, wangesema ndiyo ugonjwa wenyewe. Mikono ikainuka. Wa Hoyt ulitangulia.

Jumamosi nilikuwa pale nikitengeneza piano ya kanisa. Birika lilikuwa kavu. Verlene akashuka ndani na kisu cha rangi, akaanza kukwangua jina lake pembeni mwa mto. Hoyt akamkuta humo.

"Vee, ningefanyaje? Mchungaji aliniambia wazi, shemasi asiyeitaka bendera atapatiwa mrithi. Nina ushemasi huu tangu Baba afe."

"Ungeniambia unaogopa. Ningekuelewa."

"Nilisema vile wasije wakakuchukia."

"Hawanichukii, kweli. Leo nikisema mvua inanyesha, watakwenda dirishani kuhakikisha."

Hoyt akainama ukingoni mwa birika. Kisha, "Kesho utakuja?"

"Kesho nakwenda kwa Wamethodisti."

Hoyt akacheka kidogo, kwa mazoea. "Wale hawazamishi mtu, hubatiza kwa kunyunyiza matone tu."

"Maji yao machache, lakini hawajaniita punguani."

Akapanda kutoka birikani akishika ukuta, akapita kando ya mkono alionyooshewa na kaka yake.

Bendera ilichorwa na kijana wa mjini anayepamba malori. Ibada ya kuizindua niliitazama kwenye simu, nikiwa njiani kwenda kaunti nyingine. Juu ya mawe ya kijito palikuwa na magoti ya askari. Mchungaji alimshukuru Verlene kwa jina, akasema ndiye aliyelitolea taifa mto wake, akaomba watazamaji wamkumbuke katika maombi kwa ajili ya akili yake. Sauti iliyoitikia amina kabla ya zote niliitambua. Ilikuwa ya Hoyt.